Shamba la Kudra

Mama mkwe wangu, Bibi Melania, ana miaka sabini na saba na haombi ruhusa. Tunaishi naye Euless, mimi na mke wangu Clara. Kwao Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, mume ni mtu wa kuja tu, kwa hiyo hata huku Texas, kwenye apatimenti yenye jina langu kwenye mkataba, huniita mgeni. Nimeshazoea.

Desemba iliyopita Watanzania tulikodi ukumbi Richardson kusherehekea Uhuru. Mwenyekiti wetu Method, injinia wa kompyuta na mtumwa wa ratiba, alimpangia mama akate keki. Mama hakutaka keki. Alitaka jina la marehemu mama yake, Kudra, litajwe mbele ya watoto wetu kabla naye hajafa, maana halimo kwenye kitabu chochote.

"Mama, shikamoo, lakini programu iko tight," Method alimwambia. "Labda next year."

"Mwakani unayo wewe mfukoni?"

Siku ya sherehe Method akasoma historia ya nchi aliyoiandika. Wajerumani walikuja, wakashindwa vita, Waingereza wakaichukua Tanganyika, na mwaka 1961 wakatupatia uhuru kwa hisani yao. Hapo mama akasimama. Mimi nikainamia sahani yangu ya pilau.

Alisimulia bila maikrofoni. Mwaka 1955, kule kwao Matombo, serikali iliwalazimisha watu kuchimba matuta milimani siku tatu kwa wiki. Mvua iliponyesha udongo ukaporomoka na mahindi juu yake. Kudra akaacha kuchimba. Bwana shamba wa Kiingereza akamkamata mumewe na kumweka ndani, akidhani mwenye shamba lazima awe mwanamume. Mama hulicheka kosa hilo hadi leo. Baba yake alikuwa ameoa tu pale, hakuwa na hata shina moja la muhogo.

Kudra akaenda bomani na jembe begani, Melania wa miaka saba akimfuata.

"Shamba ni la ukoo wangu," alisema. "Huyo mwachieni, nifungeni mimi."

Bwana shamba akapekua fomu zake. Hazikuwa na mahali pa kumwandika mwanamke. Wanawake wengine wakaja na majembe yao, kisha wanaume, na jioni baba yake Melania akaachiwa. Kabla mwaka haujaisha habari ya matuta ilikuwa imekwisha katika milima yote.

Nikainua uso kutoka kwenye sahani, nikimjivunia mama yule. Method alikunja karatasi yake.

"Malizia wewe, mama."

"Bendera yao iliposhushwa," mama alisema, "watu walikwenda mjini kutazama. Mama yangu alibaki shambani akipalilia. Nikamuuliza, huna hamu ya kuwaona wakiondoka? Akasema, mimi niliwaona wakiondoka siku ile walipomfungulia baba yako."