Kahawa ya Karugendo

Karugendo wa Kamachumu alijifunza poka akiwa na miaka arobaini na tisa, umri ambao wenzake wanangoja wajukuu. Ilikuwa mwaka 1969. Mwalimu wake alikuwa Ildefons, aliyeutoa mchezo huo vitani Burma. Hao wawili walikuwa ndugu wa damu: ujanani walichanjana, wakala punje za kahawa zilizopakwa damu yao. Mjumbe wa nyumba kumi alikuja kutuonya sisi tuliocheza nao nyumbani kwa Karugendo kwamba kamari ni unyonyaji, kisha akauliza karata zinapangwaje. Tukamsogezea kigoda.

Sheria Karugendo alizishika upesi. Kilichomshinda ni furaha yake. Kwetu kahawa ya kutafuna hailiwi peke yako; mwenye nyumba akiwa na raha huizungusha kwa wageni. Basi kila alipopata karata nzuri alinyanyua kisahani. "Tafuneni, waitu!" Tulitafuna, tukatupa karata zetu. Hatukumwambia. Tulikuwa watu wabaya, nakiri.

Jumapili moja akaliwa baiskeli na Ildefons, ile ile iliyobeba ndizi zake kwenda sokoni.

"Mawe, mama yangu!" mkewe Anatolia akamaka. "Baba Jovita, hata mtoto mchanga anakusoma! Ukipata nzuri unagawa kahawa. Ukipata mbaya unaiatamia kama kuku."

Jumapili iliyofuata Karugendo aliweka mbuzi, Ildefons akaweka baiskeli. Sisi wengine tulitazama tu. Karugendo akazikagua karata zake, akanyanyua kisahani.

"Tafuna, ndugu yangu. Naongeza ng'ombe."

Ng'ombe mwenyewe alikuwa mmoja: maziwa ya watoto na mbolea ya migomba ya kibanjani. Ili kuendelea, Ildefons naye ilimbidi aweke ng'ombe wake. Akachukua punje mbili, akatafuna, akacheka.

"Mimi simo. Chukua baiskeli yako."

Mjumbe, mikono ikimwasha, akazifunua karata za Karugendo. Hata jozi hamna! Tulicheka mpaka machozi. Ildefons alitema kahawa kiganjani.

"Kwa karata nidanganye, ndio mchezo," alisema. "Lakini kwa kahawa, Karugendo?"

Karugendo hakugusa karata tena. Baiskeli anayo. Ildefons bado hupita, hukaa, huulizia watoto. Kisahani kikimfikia hukisogeza taratibu.

"Nimeshatafuna nyumbani, waitu."

Karugendo aliniambia inamuuma kuliko kama angempoteza yule ng'ombe. Na kila Ildefons akija, humletea kisahani tena.