Mkia wa Foklifti

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliendesha lori miaka ishirini na sita. Wenzake walimwita Kinyumenyume, maana aliweza kulirudisha lori refu ndani ya geti jembamba huku akipiga soga. Kampuni ilipouza malori ikampa nafasi moja tu: ajifunze kuendesha foklifti, kigari cha kunyanyulia mizigo, kwenye ghala letu, afanye mtihani Ijumaa. Akishindwa, kazi basi. Mimi ndiye mtunza ghala na ndiye niliyemwombea nafasi hiyo.

Jumatatu aligonga rafu. Jumanne akagonga rafu ileile. Foklifti hukata kona kwa magurudumu ya nyuma; ukizungusha usukani, mkia unafyatuka upande wa pili. Mikono yake ilizoea gari linalokata kona kwa mbele. Kilichoniudhi zaidi ni mama wa usafi, ambaye hajawahi kushika hata usukani wa baiskeli, kuimudu foklifti kwa siku moja na nusu. Shemeji alimtazama akipita juu ya foklifti iliyobeba vigae, akafunika chakula chake bila kukigusa.

Nikapandisha hasira, nikamwambia asahau mambo ya lori. Akaniuliza miaka ishirini na sita inasahauliwaje.

Ijumaa mkufunzi, binti asiyecheka ovyo, alimruhusu kujaribu mara mbili: abebe vioo vya madirisha, akate kona katikati ya rafu, avishushe mwisho wa ghala. Jaribio la kwanza, mkia ukakwangua nguzo. Vioo vikalia. Niliogopa, sifichi.

"Limebaki moja, mzee," binti akasema.

Shemeji akazima injini. Akageuka kutazama magurudumu ya nyuma, kisha nguzo, kisha magurudumu tena. Binti akatazama saa mara mbili. Nilitaka kumpigia kelele aanze, nikajizuia.

Ndipo akanigeukia. "Shemeji, hili ni lori linalorudi nyuma: magurudumu ya kukatia kona ndiyo yanayofuata. Tofauti ni kwamba nimekaa nikitazama ninakokwenda."

Akawasha. Safari hii aliibana kona kwa ndani, akasubiri mpaka magurudumu ya mbele yakaribie ukingo wa rafu, ndipo akazungusha usukani, jicho moja likichunga mkia, kama alivyokuwa akichunga pua ya lori getini. Mkia ukapita karibu na nguzo, kiasi cha kiganja. Vioo vikatua chini bila kulia.

Binti akaandika kwamba amefaulu. Kisha akamwuliza: Jumatatu wanakuja madereva wengine watatu wa malori, na wote watagonga rafu ileile, awaambie nini?

"Usiwaambie wasahau," shemeji akajibu. "Waulize kwanza lori linarudi vipi nyuma."

Hakunitazama. Mimi nikashika daftari langu, nikajifanya nahesabu maboksi.