Wiki Yangu ya Sifa za Besi

Gitaa langu la besi halisikiki hata kidogo katika rekodi iliyonipa sifa wiki nzima.

Wapiga besi tunaojifunza hapa Kisumu tuna kundi letu la wasapu. Niliwatumia wimbo niliorekodi na kwaya ya kanisa letu la Migosi. Ouma, mwenzetu mzaliwa wa Usenge, akaandika, "Bwana, hiyo besi imetulia! Ulifanyaje?" Nikamwaga ushauri: tundika blanketi ukutani, badilisha nyuzi, usikwaruze kwa kucha. Walifuata, na rekodi zao zikawa safi kweli. Hilo bado najivunia.

Sifa zikamfikia kiongozi wa kwaya, akataka nipige besi kwenye albamu. Jumapili baada ya ibada alifungua wimbo ule kwenye kompyuta, akazima sauti nyingine zote, akaacha ya gitaa langu peke yake. Kimya. Siku ya kurekodi nilisikia gitaa langu vizuri kwenye spika yangu, kumbe waya wa kwenda kwenye mashine ya kurekodi sikuuchomeka. Akaacha kinanda peke yake. Besi yote ikaunguruma.

"Huo ni mkono wangu wa kushoto," akanicheka Mama Adhiambo, mpiga kinanda wetu. "Kwani Baba, wewe ulikuwa umebeba gitaa tu?"

Kiongozi alituangalia sote wawili. Mpaka leo hajasema nani atapiga besi.