Kombe la Pili la Mama

Raketi yetu ilinuka samaki. Nyuzi zake za kiwandani zilikuwa zimekatika, na Baba akaweka mishipi ya kuvulia sangara aliyoiomba kwa wavuvi kule Mwaloni, Kirumba, mishipi ambayo ilishafanya kazi yake ziwani kabla ya kuja kwetu. Jua likiwaka, harufu ilikufuata kila ulipoinua mkono, na paka wa jirani walikuja kukaa pembeni kutazama mchezo. Hadi leo nikipita penye samaki wabichi naisikia raketi ile kiganjani.

Ndiyo iliyobaki kutoka kazini kwa Baba. Alikuwa mtunzaji wa uwanja wa tenisi kwenye klabu ya shirika moja la umma; alishindilia udongo wa kichuguu kila asubuhi na kuchora mistari ya chokaa. Miaka ile mashirika yalipokuwa yakiuzwa, lao nalo likauzwa, na mmiliki mpya akageuza uwanja kuwa maegesho ya malori ya samaki. Baba alirudi nyumbani Butimba na raketi moja na mfuko wa mipira iliyonyonyoka manyoya. Mimi na pacha wangu tulikuwa na miaka kumi na mmoja. Kulwa alitangulia kuzaliwa, mimi Doto nikafuata, na tangu siku hiyo nimekuwa nikimfuata, mara nyingi nikiwa nimenuna.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na jabali kubwa, na Kulwa akalifanya mpinzani wake. Jabali halikuwa limenyooka, hivyo mpira ulirudi popote ulipotaka: kwenye mihogo ya Mama iliyoanikwa, kichwani kwa kuku, usoni kwako. Kulwa aliufuata peku kokote ulikokwenda. Jioni, ugali ukiwa mezani, alisema atakuwa bingwa wa Tanzania, kwa sauti ileile ya kuomba chumvi. Mtaani walimtania kila alipokwenda kisimani. "Bingwa, umeshinda leo?" Alijibu bila kugeuka, "Bado, ila nitashinda." Mimi ndiye niliyeona aibu.

Tatizo lilikuwa Mama. Alilelewa Kisukuma, akiamini kwamba pacha akipewa kitu, mwenzake lazima apewe, la sivyo aliyenyimwa ataugua. Chapati ilikatwa katikati. Nguo zilishonwa jozi. Basi na raketi ikagawiwa kwa siku, leo ya Kulwa, kesho ya Doto, ingawa Doto hakuitaka hata kidogo. Siku zangu niliilaza kitandani nikaenda kucheza rede na wasichana wenzangu, na Kulwa akapiga mpira kwa kipande cha ubao. Hakuniomba hata mara moja.

Tulipofika miaka kumi na mitatu, mwalimu mmoja wa michezo, Mhaya mpole rafiki wa Baba, alikuja na habari ya mashindano ya watoto wa Kanda ya Ziwa. Msichana atakayeshinda angechukuliwa kwenda kufundishwa Dar es Salaam. Alimtaka Kulwa. Mama alimkaribisha, akamwekea uji, kisha akasema, "Mwalimu, hawa ni mapacha. Wataingia wote, au asiingie mtu." Mwalimu alimtazama Baba, Baba akatazama uji. Tukaandikishwa wote wawili, na kura ilipopigwa, tukapangwa sisi kwa sisi mzunguko wa kwanza. Ilibidi mwalimu aniazime raketi yake, maana ile ya samaki ilikuwa moja.

Nilikuwa na mpango wangu, na niliuona wa upendo. Niligonga mpira wavuni, kisha nje, kisha wavuni tena. Kulwa alisimama, akaja hadi kwenye wavu.

"Doto, unafanya nini?"

"Nakusaidia."

"Nani kakutuma? Cheza."

Nilimchukia. Nilitamani ashindwe mbele ya watu wote, nikacheza kwa hasira ambayo sikujua ninayo. Nilijua kila hila yake, kwa kuwa nililiona jabali likimfundisha. Nilichukua seti nzima. Watu walianza kunishangilia, na kwa muda mfupi, lazima nikiri, nilijiona naweza kwenda Dar mimi. Yeye hakubadilika uso. Aliurudisha kila mpira, kama vile muda wote duniani ni wake, mpaka miguu yangu ikakataa. Nililia waziwazi. Mipambano iliyofuata alishinda kwa urahisi zaidi, na jioni akapewa kombe.

Usiku ule hakuna aliyeuliza kama Mama ataruhusu mtoto mmoja kuondoka. Asubuhi alikwenda mjini peke yake, kwenye maduka yaliyokuwa yamejaa vitu vipya kutoka nje, akarudi na kombe jingine, refu kuliko la Kulwa, lisilo na maandishi. Akaniwekea mikononi. Kisha akaanza kumfungia Kulwa nguo, za mtoto mmoja tu.

Kulwa alikuja kuwa bingwa wa taifa, tena zaidi ya mara moja. Sasa magoti yamechoka, anafundisha. Mimi ni muuguzi, naishi Buhongwa. Wanangu wana raketi kila mmoja na viatu vya kuchezea, na swali lao kubwa ni mazoezi yanaisha saa ngapi. Siwalaumu, ila huwa natamani wangeisikia ile harufu. Makombe mawili bado yako kabatini kwa Mama, naye akisugua moja, husugua na la pili siku hiyohiyo. Juzi binti yangu alilishika lile lisilo na maandishi akauliza, "Bibi, hili lilikuwa la nini?"

"La mama yako," Mama alisema, akilipokea na kulifuta alama za vidole. "Alicheza."