Kipara cha Saa Sita

Kwa masikitiko makubwa, lakini bila kumlaumu Mungu, tunatangaza kifo cha ghafla cha diski ya nje ya Bwana Nicodemus Ooko, fundi wa kamera za ulinzi, mkazi wa Kisian, barabara ya Busia. Marehemu alikuwa na kazi ya kuhifadhi picha za mwezi mzima. Ameacha kamera moja, mashine moja ya kurekodi, na mume mmoja mwenye wivu.

Matanga yalivunjika mapema kwa sababu marehemu alifufuka. Ooko, ambaye nusu ya Kisumu humpigia simu diski zao zikigoma, alibadilisha waya, diski ikakohoa tu. Akaitegea sikio kama daktari anayepima kifua: tik, tik, kimya. Haikuwa mbovu, ilikuwa na njaa. Ilikuwa ikinyonya umeme kutoka kwenye mashine ya kurekodi, na umeme huo haukuitosha. Akaipa chaja yake yenyewe, ikaanza kuzunguka. Mashine nayo ikawaka upya, ikamwuliza ni saa ngapi. Redio ya jirani ilikuwa imetoka kutangaza saa nane kamili mchana. Ooko akabonyeza nane, akapanda pikipiki yake, akaenda kazini akipiga mluzi.

Ijulikane kwamba kamera hiyo haikuwekwa kwa ajili ya wezi. Kwa Ooko hakuna cha kuiba ila Debra, mkewe, anayeshona nguo hapo nyumbani na kucheka vizuri. Ooko alikuwa na wivu na kila kitu kilichomchekesha Debra: redio, pasta wa kanisani, hata mbuzi wa jirani.

Baada ya wiki alifungua diski kwenye kompyuta, akaruka moja kwa moja hadi saa sita mchana, saa ambayo mwanamume yeyote mwenye akili angejua mume yuko mjini. Picha za jioni hakuzitazama. Jioni si yupo mwenyewe?

12:10. Mwanamume mnene akaingia uani amevaa jaketi la pikipiki, kama nusu ya wanaume wa Kisian. Uso haukuonekana. Ooko alikuwa amepunguza ubora wa picha ili diski isijae haraka, na kamera ameitundika juu kabisa ya mlango, kwa hiyo mgeni alionyesha utosi tu. Alipovua helmeti, kipara kiling'aa katikati ya nywele, mviringo kama kisahani. Kivuli chake kirefu kikalala uani. Hakubisha hodi. Debra akatoka mbio, akampokea mfuko, akacheka hadi akashika mlango. Jumatatu hivyo, Jumanne hivyo. Alhamisi akampangusa vumbi begani.

Kilichomuuma Ooko si kile kipara, ni kile kicheko.

"Mimi hajawahi kunichekea hivyo," aliiambia diski.

Mshukiwa alikuwa mmoja: Shitanda, mwalimu wa kwaya, mnene, mwenye pikipiki, na ambaye hakuna aliyewahi kumwona bila kofia, hata kanisani. Ooko alimkuta kwenye kibanda cha chai kando ya barabara.

"Mwalimu, toa kofia."

"Kwani fundi siku hizi ni askari?"

"Toa tu. Jua ni kali."

"Ndiyo maana nimevaa."

Ooko akainyakua. Chini yake nywele zilijaa kama fagio jipya.

"Unatafuta nini huko, fundi?" Shitanda akauliza. "Sauti ya nne?"

Jioni hiyo Ooko aliweka kompyuta juu ya cherehani, mbele ya Debra.

"Mama Amolo, huyu ni nani?"

Debra akatazama, akaanza kucheka. Kisha akauona uso wa mumewe.

"Wewe unasema ni nani?"

"Ni kipara fulani anayekuja hapa saa sita nikiwa kazini. Nataka jina. Usiponiambia, kesho unarudi kwenu."

Kicheko kikaisha kabisa.

"Baba Amolo, inama."

Akainama. Debra akampiga picha ya utosi kwa simu, akaiweka simu kando ya kompyuta. Kisahani kwa kisahani.

"Na hicho kivuli," alisema. "Saa sita jua liko kichwani, kivuli kirefu hivyo kinatoka wapi? Hapo ni jioni, saa kumi na mbili, wewe ukirudi. Hiyo mashine iliwekewa saa na nani?"

Ooko akaikumbuka redio. Saa nane ya mchana mashine huijua kama kumi na nne. Yeye aliipa nane tupu, ikadhani ni asubuhi, na tangu siku hiyo ikawa nyuma kwa saa sita.

"Kila siku natoka mbio kukupokea," Debra alisema. "Hujaona hata siku moja. Umeona mtu mwingine akipokewa, ndio umeumia?"

Ooko alipapasa utosi wake kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Debra alisubiri.

"Basi diski iko sawa," Ooko akasema.