Saini ya Pili kwenye Silinda ya Mkia

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa ndege hata kwa kidole. Sajini wa karakana, mtu mnene aliyeamrisha hata alipokuwa anaomba chumvi, alinipa ovaroli iliyokuwa ya mtu mwingine, akanisimamisha mbele ya ndege ya kivita iliyovuliwa mabati ya tumboni, kisha akanishikisha fomu.

"Saini hapo chini," akasema.

Nikauliza nasaini nini.

"Kwamba umeikagua kazi yangu."

Nikamwambia kwa adabu kwamba sijaiona. Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Wewe wa kuja juzi, utanikagua mimi?"

Nikasaini. Nilikuwa na miaka ishirini na nilitaka kula chakula cha mchana.

Vijana mnaosoma haya mtanicheka, lakini nisikilizeni kwanza. Katika kazi yetu, chochote kinachogusa usukani, breki au injini ya ndege hutakiwa kiwe na saini mbili: moja ya aliyefanya, nyingine ya aliyekagua. Ile ya pili ndiyo yenye kazi kubwa, maana aliyefunga nati kwa mkono wake huiona imekaa sawa hata kama haikukaa. Sisi kule nyumbani tuliigeuza saini hiyo ikawa namna ya shikamoo. Mdogo alisaini kumheshimu mkubwa, mkubwa akaondoka na heshima yake, na ndege ikapaa. Mungu alitusitiri. Nilipoacha jeshi sikuwa nimemzika rubani yeyote, na hilo silihesabu katika sifa zangu.

Nilihamia Sydney, Australia, nikiwa mtu mzima mwenye mvi. Ilinibidi kufanya mitihani upya, darasani na watoto wa watu, kisha nikasubiri uraia, kisha nikapekuliwa mpaka majina ya mashemeji zangu. Ndipo nikaajiriwa katika karakana moja ya binafsi upande wa Granville, katikati ya maduka ya matairi na mafundi wa makabati. Ukipita nje usingejua kinachofanyika ndani. Tulikuwa tunaletewa vipande vya ndege za kivita zilizozeeka, tunavifungua, tunavisafisha, tunabadilisha kilichochoka na kuvirudisha.

Watu hudhani ndege huzeeka kwa mwili. Mwili wake huvumilia. Kinachotangulia kuchoka ni nyaya, mipira na mabomba. Halafu wenye ndege, badala ya kununua mpya, huamua kuiboresha ya zamani: wanaiwekea rada mpya, vioo vipya vya rubani, pampu yenye nguvu zaidi ya kusukuma mafuta ya haidroliki, yale yanayotembeza mkia na mabawa. Pampu mpya huyachemsha mafuta kuliko ile ya zamani. Kwa hiyo hata oringi, zile pete za mpira zinazozuia mafuta yasivuje ndani ya silinda, zilibadilishwa. Za zamani zilikuwa nyeusi. Za kustahimili joto nazo zilikuwa nyeusi. Unene mmoja, upana mmoja. Ulizitofautisha kwa namba iliyoandikwa kwenye pakiti, na ukishafunga silinda hakuna awezaye kuziona tena.

Mkaguzi niliyepangiwa na msimamizi wa zamu alikuwa binti mmoja anaitwa Furaha, Mkongo wa Uvira, fundi mwenye vyeti vyake halali na macho makali kuliko yangu. Aliishi Mount Druitt na mama yake na wadogo zake watatu, na mshahara uliokuwa ukiingia pale nyumbani ulikuwa wake peke yake. Alikuwa bado yuko kwenye miezi ya majaribio. Siku ya kwanza nilipomwita aje aikague silinda ya mkia niliyokuwa nimeifungua mezani, alicheka akaziba mdomo.

"Papa, mi naweza kukukontrole wewe? Hapana. Leta kalamu."

Akasaini. Tukaendelea hivyo wiki kadhaa. Kazi zangu zilikuwa nzuri, na nilikuwa najua kwamba ni nzuri.

Jumamosi moja asubuhi mke wangu alikuwa anakagua mifuko ya nguo kabla ya kuzitia kwenye mashine. Huyo hukagua kila mfuko, hasainishwi na mtu. Akatoa pakiti tupu ya plastiki, akaiweka mezani kando ya chai yangu. "Takataka zako za kazini hizi," akasema.

Nikaisoma namba. Ilikuwa ya oringi za zamani. Nilizifunga Alhamisi kwenye silinda ya mkia ya ndege yenye pampu mpya. Mkono umezizoea miaka thelathini. Ulienda wenyewe kwenye droo ya zamani, na mimi nikaufuata. Majaribio ya mezani silinda iliyapita, maana mezani mafuta ni ya baridi. Angani, mafuta yakishachemka, mpira ule ungekakamaa, mafuta yangevuja, na rubani angeuvuta usukani mkia usimjibu. Ijumaa silinda ilikuwa imeshachukuliwa na wenyewe.

Nilipaswa kupiga simu kwa meneja wa ubora papo hapo. Sikupiga. Nilijiambia kwamba wikendi hakuna mtu anayegusa ndege, nikapanda treni pale Merrylands, nikabadilisha Blacktown, nikaenda Mount Druitt. Ukweli ni kwamba nilimwogopea Furaha. Mimi nilikuwa nakaribia kustaafu, wakinifukuza, basi. Yeye jina lake lilikuwa chini ya langu kwenye fomu ile.

Mdogo wake alifungua mlango. Nilimsalimu kwa Kiswahili, akanielewa vizuri, akanijibu, "She's out the back." Nikamkuta Furaha nyuma ya nyumba anaanika nguo. Nikamwonyesha pakiti. Hakuuliza maana yake. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Nitasema nilikwambia mtu mwingine ameshaikagua," nikamwambia. "Nitasema nilikudanganya."

"Hapana, Papa. Ile saini iko yangu. Mi ndiye sikuangalia." Akaichukua pakiti mkononi mwangu. "Nani ataruka na hiyo ndege?"

"Sijui jina lake."

"Basi piga simu sasa hivi. Mi niko hapa."

Meneja wa ubora alikuwa mama wa maneno machache. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Imeshafungwa kwenye ndege?"

"Sijui."

"Kaa karibu na simu."

Mama yake Furaha, ambaye hakuwa ameambiwa kitu, alituletea ugali na sombe, kisamvu cha kwao. Nilikuwa na aibu ya kukataa chakula cha watu, nikamega tonge moja nikaliacha sahanini. Tulikaa tumeitazama ile simu saa nzima na dakika zake. Furaha alikuwa anaomba kimoyomoyo, midomo inatikisika. Mimi nilisoma kila dua ninayoijua.

Simu ikalia. "Wameipata stoo," meneja akasema. "Sanduku halijafunguliwa. Njooni ofisini Jumatatu, wote wawili."

Nililia, sina haja ya kuficha. Mama wa watu akashtuka akidhani tumepata msiba, Furaha akawa anamweleza huku anacheka na kulia pamoja. Kisha nikala sahani mbili za ugali. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile, na nimekula harusi nyingi.

Jumatatu meneja alituweka mbele yake, fomu katikati. Akamgeukia Furaha. "Kwa nini hukuangalia?"

"Ni kama baba yangu," Furaha akajibu. "Kwetu hatukaguagi wazazi."

Nilitegemea meneja atacheka au atakasirika. Hakufanya hata moja. Akanigeukia mimi. "Wewe ndiye uliyemfundisha hivyo?"

Nikasema hapana. Kisha nikajirudi, nikasema ndiyo. Sikumfundisha kwa mdomo, lakini siku alipokataa kunikagua nilifurahi. Nilijiona mkubwa. Nilimwachia asaini kwa sababu ilinipendeza, na nikafanya hivyo wiki baada ya wiki nikijua kanuni inasemaje. Niliyasema yote hayo kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, na nilipomaliza nilihisi mabega yamekuwa mepesi.

Hatukufukuzwa. Tulinyang'anywa ruhusa ya kusaini kwa muda, tukarudishwa darasani, na Furaha akaongezewa miezi ya majaribio. Silinda ilirudishwa, nikaifungua mwenyewe, nikatoa zile oringi na kuweka zinazostahili. Safari hii Furaha alisimama karibu yangu na taa mkononi.

"Pole, Papa," akasema, "ondosha mikono, nione."

Nikaondosha. Mpaka nilipostaafu aliniambia hivyo kila siku, kwa upole uleule, na mara mbili alinirudishia kazi. Nilinuna mara zote mbili, kisha nikaenda nyumbani nikalala fofofo. Nashukuru nimemaliza kazi hii sina jina la rubani la kulikumbuka usiku. Vijana wakiniuliza fundi mzuri ni yupi, huwaambia ni yule aliyezoea kuondosha mikono.

Furaha sasa ndiye mkaguzi mkuu wa karakana ile. Mwezi uliopita alinipigia simu, sauti imepooza. Ameajiriwa fundi mpya kutoka nyumbani, mzee kuliko nilivyokuwa mimi, na alikuwa ameshaifunga silinda yake kabla haijaonwa.

"Nimemfungulisha yote, Papa. Amekasirika sana, hata salamu hataki."

"Ilikuwa na kosa?"

"Hapana. Ilikuwa safi kabisa. Nimemvunjia heshima bure."

Nikamwambia ampelekee chai, amwombe radhi kama ambavyo angemwomba baba yake mzazi, na kesho mzee akiifunga tena kabla yeye hajaiangalia, amfungulishe tena.