Mawe ya Chokaa

Debe lilikuwa chini ya kitanda cha baba, limefunikwa kwa kipande cha gunia. Nilikuwa nimetumwa ndani kutafuta kitambulisho chake, maana kibali cha mazishi hakitoki bila hicho, nikalivuta nikidhani ndimo alimoficha karatasi zake. Ndani mlikuwa na chokaa. Tena si chokaa kavu ya zamani, rafiki yangu. Ilikuwa mbichi, imekorogwa wiki hiyo hiyo, na brashi ya katani ikiwa imelazwa juu yake. Mzee wa miaka themanini na kitu, nyumba yake ya matope haijapata kupakwa rangi tangu ijengwe, chokaa ya nini? Wadogo zangu walicheka kidogo wakasema ni uzee. Mimi sikucheka. Harufu ile ilinipanda puani, nikakaa kitandani pake, nikasahau nilichotumwa.

Mimi nililelewa na harufu hiyo. Miaka ya sabini tulikaa katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha pamba, kati ya Amagoro na Malaba, ambako baba alikuwa askari wa zamu ya mchana. Nyumba zilikuwa laini tatu kwenye mteremko. Laini ya juu, kwenye upepo na miti ya maua, ilikuwa ya Mzungu meneja na wageni wake. Ya katikati ilikuwa ya mafundi wa mashine, Wahindi. Ya chini, karibu na kijito, ilikuwa yetu sisi Waafrika, chumba kimoja kwa familia, mabati bila dari. Kati ya laini yetu na zile nyingine mbili kulikuwa na mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa, na mtu wetu hakuvuka mstari huo ila awe amekwenda kufanya kazi. Baba ndiye aliyeyapaka mawe hayo kila Jumamosi.

Mimi nilizaliwa mwaka ule bendera ilipopandishwa. Shuleni mwalimu alitufundisha kuimba kwamba nchi ni yetu, na tuliimba kwa nguvu mpaka mishipa ikatutoka. Jioni tulirudi nyumbani, na mawe yalikuwa pale pale.

Usidhani kwamba tulikuwa tukilia siku nzima. Watoto huzoea. Msimu wa pamba tulikaa na nyanya yetu kwenye mkeka, tukitenga nyeupe na ile iliyoingia doa. Nyeupe iliitwa safi, yenye doa iliitwa fifi, na vidole vya nyanya vilizijua hata akiwa amefumba macho. Laini ya juu tuliiita Safi, yetu tukaiita Fifi, tukacheka sisi wenyewe. Mashine zilinguruma tangu alfajiri, vumbi la pamba likatua kwenye nywele zetu na kwenye ugali wa wimbi. Saa ya chakula upepo ulituletea nyama ya kukaanga kutoka juu na bizari kutoka katikati. Sisi tulikuwa na kunde, na siku njema kunde zenye karanga. Nyanya alikuwa akisema, kuleni haraka, harufu ya watu haishibishi.

Kilichoniuma mimi ni maji. Bomba lilikuwa moja tu, laini ya juu, na chini yake palikuwa na beseni la mbwa wa Mzungu. Mama alikuwa dobi wa nyumba ile. Alishinda mikono yake ikiwa ndani ya maji ya bomba, akifua mashuka ya watu, kisha jioni akateremka na kuchukua mtungi kwenda kuteka maji ya kijito. Na kijito chenyewe kilipita chini ya vyoo vya laini zote. Mvua ikinyesha, kila kitu cha juu kilitushukia.

Halafu mwaka mmoja, kabla ya mvua za masika, Mzungu akafunga mizigo akaenda zake. Akaja meneja mpya, Mwafrika mwenzetu kutoka mbali, na mkewe na msichana wao wa kazi, kwa hiyo mama hakuhitajika tena. Sisi tulimwona meneja huyo akipita kwa gari tu. Hakuna aliyetuambia kwamba kuna lililobadilika, na hakuna aliyeuliza. Jumamosi ilipofika, baba alikoroga chokaa.

Mvua za mwaka huo zilikuwa mbaya. Mdogo wangu wa kike, aliyenifuata, alianza kuhara na kutapika siku ya Alhamisi. Alikuwa na miaka mitano, mtoto wa maneno mengi, na Ijumaa maneno yakamwisha. Mama alimbeba hadi zahanati, dresa, yule muuguzi wa pale, akamtazama macho yalivyoingia ndani akasema apewe maji safi yenye sukari na chumvi, mengi, kila mara, lakini ya kijito yasimguse tena. Mama alijaribu kuyachemsha. Kuni zilikuwa zimelowa, moshi ukajaa chumba, na maji yakawa vuguvugu yenye rangi ya chai. Mtoto aliyatapika.

Jumamosi asubuhi mama akanipa debe. Hakusema niende wapi. Nilipanda mteremko peke yangu, nikamkuta baba amechuchumaa kwenye mstari, brashi mkononi. Nikamwambia mama amenituma bombani.

"Rudi," akasema.

"Papa, mtoto ameishiwa nguvu. Dresa amesema maji ya bomba."

Brashi ilikuwa ikidondosha chokaa kwenye kiatu chake na hakuona.

"Hii laini mtu wetu hapiti. Nikikubalia wewe, kesho ni watu wote, na mimi ndio nitafutwa. Tukifukuzwa huyo mtoto atalala wapi? Ngoja Jumatatu karani arudi, nitaomba ruhusa."

Bomba nililiona, rafiki yangu. Halikuwa mbali, ningelifikia kabla hujahesabu hamsini, na lilikuwa likidondosha maji bure kwenye matope, maana mbwa alikuwa ameondoka na mwenyewe. Ningeweza kukimbia. Nilikuwa mkubwa kiasi cha kukimbia. Lakini nililelewa na mawe yale, na miguu yangu ilikataa kabla baba hajanikataza mara ya pili. Nikarudi na debe tupu, na jambo hilo sijapata kumwambia mtu mpaka leo.

Mdogo wangu alifariki Jumapili mchana, watu wakiwa wanatoka kanisani. Tulimpeleka kwetu Moding, tukamzika ukingoni mwa shamba, karibu na katani.

Tuliporudi kiwandani, mke wa meneja aliteremka kutupa pole. Alibeba unga na sukari, akaingia katika chumba chetu akainama kwa sababu ya moshi, akakaa kwenye mkeka na mama na nyanya. Alisikia habari ya ugonjwa, na ya kijito, na maneno ya dresa. Akashangaa.

"Sasa mama, mbona hamkuja kuteka kwangu? Nani aliwakataza?"

Alikuwa akiuliza kwa moyo safi. Mama aligeuka akamtazama baba aliyekuwa mlangoni, na sote tukamtazama. Baba alivua kofia yake ya askari, akaishika kwa mikono miwili, akatoka nje.

Nilimchukia. Afadhali niseme wazi. Nilimchukia nikiwa shule, nikamchukia nikiwa na watoto wangu mwenyewe, na kila nilipokuja nyumbani sikukanyaga ule upande wa katani. Tulianza kuteka maji ya bomba wiki hiyo hiyo, na mstari ukaachwa ukaota nyasi. Nakumbuka niliona pengo katikati yake, jiwe moja halipo, nikadhani mtu ameliiba liwe figa la jikoni kwake. Baba hakuwahi kuomba msamaha. Hakuwahi hata kulitaja jina la mtoto.

Siku hizi kiwanda hakipo. Pale penye mashine pana uwanja wa malori yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda, na madereva wananunua maji ya chupa. Nyanya alifariki, mama akamfuata, baba akabaki peke yake hapa Moding.

Kijana mmoja wa wale wachimbaji kaburi alichungulia mlangoni akanikuta bado nimekaa na debe miguuni.

"Dada, kuja uone. Kuna jiwe pale karibu na shimo. Tulitoe?"

Nikamfuata mpaka kwenye katani. Nyasi zilikuwa zimepaliliwa kuzunguka kaburi dogo, na kichwani pake lilisimama jiwe la kiwandani. Chokaa ilikuwa imelivimbisha, tabaka juu ya tabaka, Jumamosi zote za maisha yake. Ya mwisho ilikuwa bado nyeupe kabisa.

Nilisimama pale nikalia kwa sauti, mtu mzima mimi, mbele ya vijana wa watu. Nikawaambia wasiliguse. Kisha nikarudi nyumbani, nikalitoa lile debe, nikalimwaga nyuma ya choo. Papa amemaliza zamu. Jiwe liachwe, mvua ilioshe, liwe jiwe tu.